Kucha za Mbwa wa Kukhu

Nilimdanganya nyanya yangu kuhusu mbwa wake. Nalitanguliza hilo kwa sababu nikianza na sababu zangu, zitakuwa nyingi, na zote zitaonekana kuwa na akili.

Kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, alikwenda Bungoma kutolewa mtoto wa jicho. Alifikia kwa senge, shangazi yangu, na daktari akamwambia akae huko wiki tatu: asiiname, asibebe kitu kizito, asikae penye moshi. Mimi nilikuwa nyumbani, upande wa Endebess, mwaka wa pili tangu nimalize chuo, nikituma maombi ya kazi na kuyasoma tena baada ya kuyatuma, nikitafuta makosa. Niliachiwa ng'ombe mmoja, kuku na mbwa. Kuhusu ng'ombe na kuku hakusema mengi. Kuhusu mbwa alisema, "Huyo mzee anachechemea. Angalia kucha zake."

Mbwa alikuwa na miaka kama kumi na tatu. Zamani alimfuata Kukhu kila mahali, na changarawe ya barabarani ikamsugua kucha bila mtu kuhangaika. Sasa alilala kutwa, na kucha zikaendelea kukua. Ukucha wa juu katika mguu wa mbele wa kushoto, ambao haugusi ardhi kabisa, ulikuwa umejikunja kama pete, na ncha yake ilikuwa imeanza kugusa nyama. Usipokatwa, ungeingia ndani na asingeweza kutembea tena. Hilo nililiona siku ya kwanza. Ilinichukua siku sita kufanya lolote.

Siku hizo sita nilitazama video kwenye simu na kuandika daftarini. Ndani ya ukucha kuna mshipa. Ukucha ukiwa mweupe mshipa unaonekana, ukiwa mweusi hauonekani. Kucha zake zote zilikuwa nyeusi. Nikawaza damu isiyokoma, nikawaza kidonda chenye funza, nikawaza mbwa amekufa na mimi nikipiga simu Bungoma. Nilifika hadi pale Kukhu analia na jicho lililopasuliwa linafunguka. Katika daftari niliandika, nikapiga mstari chini: mbwa mzee asilazimishwe, viungo vyake vinauma.

Jambo moja ambalo sikulifanya ni kumuuliza Kukhu. Alipiga simu kila jioni wakati wa kukamua, na swali lilikuwa fupi: ulikuwa ukimkataje? Lakini nilikuwa na shahada, na nilikuwa nimekulia katika boma hilohilo. Niliona aibu ya kusikika sijui kushika mguu wa mbwa.

Siku ya saba nilikuwa tayari. Nilikuwa na mkasi mpya kutoka agroveti, duka la dawa za mifugo, la Kitale, na mkebe wa siagi ya karanga, kwa sababu katika video mbwa hulamba siagi huku akikatwa kucha. Wetu alinusa, akageuza uso. Amelelewa kwa ugali na maziwa. Nilishika mguu wake, akauvuta. Nikaushika tena, akauvuta tena, bila kunguruma. Baada ya nusu saa sikuwa nimekata hata ukucha mmoja, ila alikuwa ameniacha niuguse. Video zilisema hapo ndipo pa kuachia. Nilikuwa karibu kuachia.

Ndipo jirani yetu, mama mmoja mcheshi, akapita na shemeji yake wakitoka kusaga posho. Walisimama langoni.

"Sasa, msomi! Unasalimiana na mbwa?"

"Namkata kucha, mama."

"Ati kucha!" Akamgeukia shemeji yake. "Kuja uone. Mbwa ya kukhu imeingia saluni."

"Si umpake na rangi, bana," shemeji akasema. "Nyekundu inatoka poa."

"Na hiyo digrii, kumbe ilikuwa ya mbwa?"

Hawakuwa na ubaya. Huyo mama alikuwa amenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Lakini niliposikia neno digrii, masikio yangu yaliwaka moto. Shemeji akaweka gunia lake la unga chini, akaingia.

"Hii kitu ni kufunga tu, kama ndama ya kukata pembe. Gunia kwa kichwa, kamba kwa miguu, dakika mbili umemaliza. Nikusaidie?"

Kwetu hakuna asiyejua kuangusha ndama. Na mimi ndiye niliyekuwa na mstari chini ya yale maneno daftarini. Nikasema, "Sawa."

Alimlaza kwa ustadi, kamba ikazunguka miguu, gunia tupu la mbolea likaingia kichwani. Mbwa hakubweka. Alitoa mlio mwembamba kupitia puani, mfululizo, na mbavu zake zikapanda na kushuka haraka mno. Nilikata kucha nne vizuri. Nakumbuka nikifurahi, na nakumbuka nikitazama langoni kuona kama jirani ameona. Nilipofika kwa ule uliojikunja, alitetemeka, na badala ya kungoja nikabana mkasi kwa nguvu.

Alilia kilio ambacho sikujua mbwa anacho. Damu ilitoka, na mkojo ukatoka nayo, ukaenea chini ya tumbo lake na kufika magotini mwangu. Mimi nilishika mkasi tu. Jirani ndiye aliyekimbia. Alifungua gunia lake la posho, akachota unga ambao bado ulikuwa na joto la mashine, akaukandamiza kwenye ukucha. "Pole, mzee," alimwambia mbwa. "Pole, pole sana." Mimi nilikuwa bado sijamwambia neno hilo.

Tulipotoa gunia, mdomo wake ulikuwa huru na mkono wangu ulikuwa karibu. Hakuuma. Aliangalia mkono, akajaribu kusimama mara tatu ndipo akaweza, akaenda kujificha chini ya ghala la mahindi.

Jioni ile Kukhu alipiga simu.

"Mzee wangu?"

"Yuko sawa, Kukhu. Nimemkata kucha."

"Alitulia?"

"Alitulia."

"Haya. Asante, mtoto wangu."

Siku tatu zilizofuata hakula nikiwepo. Niliweka sahani, nikaondoka, nikachungulia kutoka jikoni. Nikishika kamba ya ng'ombe, alirudi chini ya ghala kwa kutambaa. Damu ilikuwa imekoma na ukucha haukuwa ukigusa nyama tena. Ningeweza kujiambia kazi imefanyika, na nilijaribu kujiambia hivyo. Siku ya nne nilimwomba jirani akamue jioni, nikaenda Bungoma.

Kukhu alikuwa barazani kwa senge, amevaa miwani myeusi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakianza na kucha nyeusi na mshipa usioonekana. Nilipofika katikati ya mshipa akasema, "Sema tu." Nikasema yote, mpaka gunia.

Senge alicheka kutoka ndani. "Yaani mbwa ndiyo imekutoa Endebess mpaka hapa? Mimi nilidhani umepata kazi!"

Kukhu hakucheka. "Ulimfunika macho," alisema.

"Ndiyo, Kukhu."

"Mimi walinifunika uso mzima, wakaacha tundu la jicho. Wakanishika kichwa. Nilijua huyo ni daktari, nimekubali kwa mdomo wangu, na bado nilitaka kumpiga teke." Alirekebisha miwani. "Nilijua kuna kitu. Mimi napiga simu wakati wa kukamua ili nimsikie. Anahema kama mtu mnene pale karibu na ndoo. Siku ile sikumsikia. Nikakuuliza, ukaniambia alitulia."

Kisha akaniambia yeye anavyofanya. Akimaliza kukamua, mikono yake huwa bado na jeli ya kupaka chuchu. Mbwa huja mwenyewe kudai maziwa yake. Akilamba, anampaka jeli miguuni, anamsugua kama anavyosugua kiwele, siku mbili tatu, bila mkasi. Kisha jioni moja anakata ukucha mmoja, ncha tu, kiasi cha punje ya mtama. Kesho mwingine.

"Lakini hivyo utamaliza lini?"

"Simalizi. Nikifika wa mwisho, wa kwanza umeota."

"Na akivuta mguu?"

"Namwachia. Si ni wake?" Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Ule wa kushoto alikuwa ananipa mwenyewe. Ananiwekea hapa gotini."

Niliuliza kwa nini hakunifundisha. Alishangaa kweli. "Nimefanya hivyo kila likizo, wewe umekaa pale mlangoni. Nilidhani unaona."

Nilikuwa nimekaa pale mlangoni. Miaka yote hiyo, na kitabu, halafu na simu.

Niliporudi nilianza kukamua bila kamba, maana ng'ombe mwenyewe ni mpole na kamba ilikuwa mazoea tu. Nilimwagia mbwa maziwa katika kifuniko, nikakiweka mbali, nikamgeuzia mgongo. Jioni ya tano alikuja. Jioni ya saba nilipaka jeli mguu wa kulia na akauvuta, nikauachia. Jioni ya tisa nilikata ncha ya ukucha mmoja wa kulia. Nikipeleka mkono upande wa kushoto, aliacha maziwa na kuondoka. Nikaacha kuupeleka.

Kukhu alirudi Jumamosi. Mbwa alimlaki kwa kelele, akizunguka sketi yake na makalio yakiyumba. Jioni Kukhu alitaka kukaa penye kigoda cha kukamulia. Nikamwambia daktari amekataza kuinama, akasema kukaa si kuinama. Mimi nikakamua, nikampa jeli. Mbwa alilamba maziwa yote, akaja kwake, akasimama. Kukhu akapiga goti lake taratibu kwa kiganja, mara mbili. Mbwa alitazama goti. Aliinua mguu wa kushoto kidogo kutoka chini, akaushikilia hewani, kisha akaurudisha chini ya kifua chake na kuulalia.

Kukhu alingoja. Hakunitazama. Baadaye akaanza kumpaka jeli mguu wa kulia, na mimi nikaendelea kusimama pale na ndoo mkononi, kwa sababu nilikuwa nimeapa kwamba safari hii nitatazama.