Kucha za Mama Usingizi

Walimwita Mama Usingizi kwa sababu wanawake waliokaa kati ya magoti yake kusukwa waliishia kusinzia. Basi kucha zake tatu zilipoanza kuwa nene, za njano, zinamomonyoka, alizipaka rangi nyekundu akajitia hamnazo. Siku moja rangi ikabanduka, mteja akaona. Maneno yakaenea, viti vikabaki vitupu. Mpaka binti yake akasema, "Mama, usikasirike, ila mtoto usimsuke kwanza mpaka upone." Hilo ndilo lililomchoma, maana mjukuu huyo alikuwa hakubali kusukwa na mtu mwingine.

Daktari alimpima ini kwanza, maana dawa hiyo huweza kulidhuru, akamwandikia vidonge vya fangasi. Mfamasia akamweleza, "Ukucha ulioharibika haurudi kuwa mzuri, mama. Dawa inaulinda huu unaoota. Meza mpaka mpya ufike nchani. Ni kazi ya miezi."

Akameza. Saluni ikawa kimya, akazoea kuongea na kichwa cha plastiki alichofundishia wanagenzi. Kichwa kile kina adabu, hakimkatizi mtu. Lakini tusidanganyane, upweke ulimtafuna. Ndiyo maana alipoona ukanda safi umechomoza shinani mwa kucha, alijihesabu amepona, akaacha vidonge, akapaka rangi tena. Haraka ya nini, mama wewe! Alipoifuta rangi wiki kadhaa baadaye, unjano ulikuwa umeshuka mpaka shinani. Ikabidi aanze upya.

Safari hii alimeza mpaka daktari aliposema basi. Kucha zilikuwa safi zote, akazitazama dirishani kama za mtu mwingine. Akampigia binti yake simu.

"Mwanangu, nimepona. Mlete mtoto nimsuke."

"Mama, nilimnyoa wiki iliyopita. Kila nikishika chanuo analia, anamtaka Bibi. Nikachoka."

"Zote?"

"Zote."

Alikaa kwenye kiti cha wateja. Kama angevumilia mara ya kwanza, angekuwa amezisuka nywele zile zamani. Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

"Usijali, Mama," binti akasema. "Zikiota tutakuja."

"Msisubiri nywele," akasema. "Mlete hivyohivyo. Nimshike tu kichwa."