Mkungu wa Wanaume Wanne

Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mbuzi. Lakini kuna utafiti wa migomba huku kwetu Muleba, na mimi nimo ndani yake. Tena nimo mara mbili: kwanza kwa uongo, halafu kwa ukweli.

Mnyauko ulishaingia kibanjani kwangu, shamba langu la migomba. Majani yananing'inia kama nguo za mlevi, ukipasua ndizi ndani ni kahawia tupu. Tukawa tunakula ugali, na Mhaya kula ugali kila siku ni msiba usio na maiti. Hapo ndipo akaja binti wa taasisi moja inayotoa ruzuku. Anapita nyumba kwa nyumba anauliza, ili wajue kijiji gani kipewe miche safi kutoka kituo cha utafiti cha Maruku.

Mke wangu akamletea kahawa ya kutafuna. Binti akafungua daftari.

"Baba, migomba inaendeleaje?"

Sasa mgeni amekaa ndani kwako, umwambie una njaa? Kwetu huwezi. Nikakohoa.

"Binti yangu, mkungu wangu mmoja unabebwa na wanaume wanne, na wa tano anatangulia kufukuza watu njiani."

Mke wangu akanikanyaga mguu. Nikaongeza wanaume wawili.

Baadaye tukaitwa mkutanoni kusomewa majibu. Binti akasoma: kijiji hiki hakina shida ya migomba, miche itakwenda kwa jirani. Natazama huku na huku, kila mtu anaangalia viatu vyake. Kumbe hakuna aliyesema kweli! Kijiji kizima tulijisifu mpaka tukajinyima.

Mke wangu akaninong'oneza, "Wale wanaume wako wako wapi? Waambie wasimame."

Nikasimama mwenyewe. Nikakohoa, naapa walinisikia mpaka Bukoba mjini.

"Waitu, ndugu zangu, mimi nilidanganya. Kibanja changu kimekufa. Twendeni mkaone."

Wakanifuata wote. Nikapasua mkungu mbele yao, harufu ikaangusha nzi. Jirani yangu, ambaye tangu utoto hajakubali nimpite kwa lolote, akacheka.

"Huko ndiko kuoza? Njooni kwangu muone kuoza!"

"Wa kwangu hata nguruwe kaukimbia!" akadakia mama mmoja.

Ikawa mashindano, nyumba hadi nyumba. Binti anakimbia nyuma yetu anaandika, anacheka mpaka machozi.

Miche ikaja. Na hawakuishia hapo. Taasisi ikayapeleka maandishi ya binti halmashauri, ikatungwa sheria ndogo: usikate mgomba wa mwenzako kwa panga ambalo hujalipitisha kwenye moto, maana panga ndilo hubeba mnyauko. Sheria ile imetoka kwenye uozo wetu, na mkungu wangu ndio uliopasuliwa wa kwanza. Nikipita ofisi ya kijiji natembea kama niliiandika mimi.

Juzi, miche imeshazaa, binti amerudi na daftari lake.

"Baba, mkungu sasa unabebwa na wanaume wangapi?"

"Sisemi. Beba mwenyewe."

Akaingia kibanjani, akauinamia mkungu nilioukata, akavuta. Wapi! Akamwita mke wangu, wakashika huku na huku, wakaufikisha mlangoni wanahema.

Akaandika: wawili.

Nikamwangalia akiandika, kifua kimejaa, na sikuongeza hata mmoja.