Jina la Mvulana wa Pili

Waringa hushona sare za shule pale Makongeni, na mdomo wake kila mteja anaujua. Alipojifungua mvulana wa pili, ndugu wa baba mzazi wa Waringa, aitwaye Wahome, alifika amebeba mkungu wa ndizi.

"Nimekuja kumwona Gitonga," alisema, maana kwa Wakikuyu mvulana wa pili huitwa jina la babake mama.

Gitonga huyo, babake Waringa, alimkana binti yake akiwa bado tumboni. Aliyemlea ni jirani, Zedekiah, Mjaluo mfanyakazi wa reli, aliyemsuka nywele vibaya kila Jumapili na kumpeleka kanisani hivyo hivyo bila haya.

"Anaitwa Zedekiah," Waringa alijibu.

"Huyo si damu yetu!"

Mzee Zedekiah, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akainuka kitini. "Binti yangu, wape jina lao. Sitaki mgombane."

"Kaa. Huendi popote," Waringa alimwambia.

Kisha akamgeukia Wahome. "Mzee, desturi hiyo hiyo inasema mtoto anayebeba jina la babangu, nimwite 'baba' mpaka nife. Maishani mwangu nimemwita hivyo mtu mmoja tu, na ndiye huyu uliyempita mlangoni bila kumsalimia."