Mtungi wa Mbegu na Simu Iliyozima

Mwanangu, kabla hujafunga mtungi huu wa mbegu za ng'ombe kwenye pikipiki, kaa kidogo. Bado naiona asubuhi ile nilipotoka Njoro kifua mbele, nikiwa na umri kama wako. Nilikuwa nimemaliza kozi ya kupandisha ng'ombe kwa mrija, bila dume, watu wameanza kuniita daktari, na kwenye usukani nimefunga simu mpya yenye ramani. Chaja niliiunganisha na betri ya pikipiki mwenyewe, kwa waya na utepe mweusi. Fundi wa nini?

Shosho mmoja, bibi mzee wa kule juu, karibu na Mau Narok, alikuwa amenipigia. Ng'ombe wake wa pekee alikuwa kwenye joto la kutaka dume tangu jana yake jioni, na joto likipita unangoja wiki tatu. Maziwa yalikuwa yanakauka, na kuna wajukuu watatu. Mjukuu mkubwa, Njeri, akanitumia mahali pao kwenye ramani.

Nilipoondoka niliona alama ya kuchaji, nikaridhika, nikafungulia na muziki. Sikuitazama tena. Mashimo ya barabara yalitikisa waya mpaka ukachomoka, na katikati ya mashamba ya viazi simu ikazima. Jina la shosho na namba yake vilikuwa mle ndani. Nikauliza watu kwa shosho mwenye ng'ombe ni wapi. Walicheka sana, maana kule kila shosho ana ng'ombe.

Nilifika saa kumi jioni. Ng'ombe alikuwa ametulia, anacheua; joto lilikuwa limepita.

"Daktari, nimekupigia mpaka nikachoka," shosho akasema. "Ulikuwa 'mteja hapatikani' tu. Sasa ambia ng'ombe ingoje simu ijae."

Kisha akanipa chai. Nikainywa haraka, nikaenda zangu kwa aibu.

Kesho yake nilienda kwa fundi. Aliunganisha chaja kupitia swichi ya ufunguo, akatia fyuzi, akabana waya usicheze. Wiki tatu baadaye shosho aliniita tena, mimi yule yule, na nilifika kabla ng'ombe hajatolewa zizini. Alishika mimba, akazaa ndama jike. Uzao wake unakamuliwa mpaka leo, na nikipita pale najivuna, sifichi. Tangu hapo hakuna mfugaji aliyenipigia akakuta mimi ni mteja.

Kwa hivyo sikia, mwanangu. Simu ilale kwenye umeme. Pawabenki iwe kwenye mfuko wa ndani, mvua isiifikie. Pakua ramani kabla ya kutoka, punguza mwangaza, na kila ukisimama hakikisha kweli inachaji. Halafu andika jina la mtu na namba yake kwenye karatasi, kwa sababu unamwendea yeye, si ile alama ya ramani.

Njeri amepiga sasa hivi. Ng'ombe wake yuko kwenye joto, na hakuniulizia mimi. Amesema, "Nitumie yule daktari msichana." Moyo wangu umejaa, mwanangu. Nenda. Mungu akutangulie barabarani, mkono wako uwe mwepesi, na kila anayekupigia akupate.