Mguu wa Kushoto wa Mzee Hamdu

Siku niliyowaona mara ya kwanza, niliona gari moja likiendeshwa na watu wawili. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia langu la nazi kando ya barabara ya Kanga, hapa kisiwani kwetu, nangoja usafiri wa kwenda Kilindoni. Pikapu ikasimama, nikapanda nyuma. Kupitia dirishani nikamsikia mwanamume akisema, "Mbili!" Akakanyaga klachi, na mkono wa mwanamke, wenye hina, ukasukuma gia. "Tatu!" Mara nyingine ule mkono ulikuwa umeshafika kabla hajasema.

Hao walikuwa Mzee Hamdu na mkewe, Bi Nasma. Mkono wa kushoto wa Mzee Hamdu uliwahi kupondwa na jeki, vidole havikamati kitu. Watu walimshauri auze gari. Bi Nasma akapanda kiti cha mbele, wakaendelea kubeba nazi za watu.

Baadaye nikajenga jirani nao. Mimi si msemaji, nao hawakunilazimisha.

Bi Nasma alipofariki, pikapu ilibaki uani, kuku wakawa wanataga chini yake. Binti yao, Warda, anayeishi Dar es Salaam, akaleta gari dogo la otomatiki.

"Nitarudi baada ya Idi," alimwambia. "Ukiwa hujaliweza, baba, tunaondoka wote. Huku huna hata wa kukufikisha hospitali."

Mzee Hamdu hakutaka kuondoka. Kaburi la mkewe liko Kanga.

Fundi Faisal alikuja kumwelekeza. "Hili lina klachi mbili, mzee, ila zote ziko ndani, huzikanyagi. Moja ya gia za witiri, moja ya shufwa. Ukiwa kwenye mbili, tatu imeshajiweka tayari, inakungoja."

"Kama Nasma," akasema Mzee Hamdu.

Faisal akacheka. Mzee hakucheka.

Akaniomba nikae naye mbele wakati wa kujifunza. Nilikaa upande mmoja wa kiti, kama mgeni. Gari lile halikupenda mwendo wa kobe. Ukigusa mafuta kwa woga, linashtukashtuka. Vijana wa dukani wakapiga kelele, "Mzee Hamdu, gari lina kwikwi! Linywesheni maji!"

"Limeona sura zenu," akawajibu.

Kwikwi ilikwisha alipojifunza kukanyaga bila kusita. Mguu wa kushoto ndio uliokataa. Tukishika mwendo, mzee husema, "Tatu!" na mguu huo huruka kutafuta klachi, ukatua juu ya breki. Paji langu la uso lilizoea kugonga dashibodi.

"Samahani, jirani."

"Haidhuru, mzee."

Akaufunga mguu kwa kitambaa kwenye kiti, ukakifungua. Idi ikapita. Nilikuwa nimeshaona tatizo liko wapi, lakini kulisema kulinitoa jasho.

"Mzee, lile neno ndilo linalouvuta mguu."

Tulipofika kwenye mikorosho akauliza, "Kwa hiyo nisimwite?"

"Ukiwa unaendesha tu, mzee."

Tulirudi bila neno. Breki haikuguswa hata mara moja pasipo haja. Aliposimamisha gari alikaa ameshika usukani, nami nikashindwa kujua kama nishuke.

Warda alipokuja, alikaa mbele, mimi nyuma. Kanga mpaka Kilindoni, mzee hakufungua mdomo.

"Mbona kimya, baba?"

"Naendesha, mwanangu."

Gatini Warda alimbusu mkono ule mbovu, akapanda boti peke yake.

Tangu siku hiyo mzee hakunihitaji tena. Nilikuwa nalisikia gari likipita asubuhi, laini, bila kushtuka, nami nikiwa kibarazani. Nilitamani anipigie honi. Sikwenda kumwambia.

Siku moja baada ya alasiri nilimpelekea mihogo. Gari lilikuwa uani, vioo juu, naye ndani. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Nilimsikia: "Moja... mbili... haya, tatu." Mguu wake wa kushoto ulikuwa unakanyaga sakafu.

"Shikamoo, mzee," nikasema, nikataka kugeuka.

Akafungua mlango haraka, kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari. Alfajiri iliyofuata alikutwa amefariki kitandani kwake, hapohapo Kanga, kwa hiyo aliyonijibu ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

"Marahaba. Siendeshi, jirani. Nimezima."