Mtoa Makinda

Kila Aprili, katika kisiwa cha ukoo wao kusini kabisa mwa Nyuzilandi, shangazi wa Mereana hulala kifudifudi matopeni, akaingiza mkono shimoni hadi begani na kufumba macho, kama mtu anayepekua mfuko wa mgeni. Humo hukaa kinda mmoja wa ndege mweusi wa baharini, aliyenoneshwa na wazazi wanaovua hadi kwenye barafu, mpaka akawazidi uzito. Akimpata humpitishia Mereana, mbeba gunia la kitoweo. Asipompata husema “Hamna” na kuziba mlango kwa fundo la majani. Wengine wasipofikia huchimba juu ya shimo. Yeye hachimbi, kwa sababu shimo lililotobolewa huingia maji, na ndege hurudia shimo lake lile lile kila mwaka. Mkono usiofika, husema, uende kibandani kunyonyoa manyoya pamoja na wazee.

Mwaka huu mashimo matupu yalizidi. “Hamna,” akasema tena, akijikanda bega. Shimo likalia.

“Shangazi, kuna mtu humo.”

“Upepo huo.”

“Basi upepo una njaa. Tuchimbe kidogo?”

“Thubutu.”

Mereana akavua koti, akalala, akanyoosha mkono mpaka kitu chenye joto kikamuuma kidole.

“Usimvute shingo,” shangazi akasema, akimwinamia.

Alipogeuka kumpitisha kinda, shangazi alikuwa ameshalitundika gunia kwenye bega lile bovu, akilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana mwendo.