Mwanamke Aliyeuacha Mshahara wa Kakuma

Kaka yake ndiye aliyenipigia simu. Hakuanza na salamu. "Rafiki yako ametuacha asubuhi hii hapa Lodwar," akasema, nami nikawa nasikia watu wakilia nyuma yake. "Njoo tumzike. Uje uone mifupa imemfikisha wapi." Akakata simu. Wasomaji wa safu hii wamezoea kuniona nikibishana na wakubwa. Leo naomba wanivumilie niwasimulie kisa cha mwanamke ambaye hakuwa mkubwa wa mtu yeyote, lakini uamuzi wake mmoja uliigawanya familia yake hadi kando ya kaburi.

Tulifahamiana Kakuma, tulipokuwa tumepanga vyumba katika ploti moja. Mimi nilikuwa nikiandika habari za kambi ya wakimbizi, naye alikuwa afisa wa shirika moja la misaada, msimamizi wa mgao wa chakula. Alikuwa amesomea jiolojia, elimu ya miamba, akaajiriwa kusimamia magunia. Mshahara ulikuwa mnono. Ulimjengea mama yake nyumba ya mawe Lodwar na kumlipia mdogo wake wa kike karo ya chuo cha uuguzi. Akipita sokoni, salamu za "Ejok, madam!" zilimfuata hadi mlangoni. Lakini jioni moja alitupa mkoba wake kitandani akaniambia, "Leo nimewasilisha ripoti ya mwezi uliopita. Nimebadilisha jina la mwezi tu. Hakuna aliyegundua." Alisema kwa hasira, kana kwamba angefurahi mtu angalau amkaripie.

Likizo zake alikuwa akizimalizia upande wa Nariokotome, magharibi mwa ziwa, akijitolea katika kikundi cha watafiti wanaochimba mifupa ya kale iliyogeuka mawe. Hatimaye wakampa kazi. Ilikuwa kazi ya mkataba wa msimu, yenye malipo kiduchu na isiyo na bima. Akaikubali. Kisha akaniomba nimsindikize Lodwar akawaeleze jamaa zake. "Wakiwa na mgeni hawatapiga kelele," akasema.

Alikosea. Kaka yake, ambaye hununua samaki Ferguson's Gulf, ufukoni mwa ziwa, na kuwauza mjini, alimsikiliza akiwa ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa. "Mimi niliacha shule ndio wewe usome," akasema. "Mbuzi ya baba iliisha ndio wewe usome. Sasa unaenda kuchimba mifupa?"

"Si kuchimba tu. Ni kujua."

"Kujua nini? Hiyo kujua inapikwa?"

Mama yao akauliza kwa upole, "Hiyo mifupa ni ya nani?"

"Ya viumbe na watu waliokaa hapa zamani sana, mama. Kabla yetu sote."

"Hao walishakufa. Na sisi je?"

Mdogo wao wa kike, yule aliyelipiwa karo, alikuwa ameketi karibu na mlango, bado amevaa sweta ya chuo. Alikuwa akizisikia habari hizo kwa mara ya kwanza, kama wengine wote. Kaka aliuliza kama bado inawezekana kurudi kazini, rafiki yangu akasema amekwisha kujiuzulu. Kaka akaweka kikombe chini, akatoka nje. Muhula uliofuata yule binti hakurudi chuoni. Alihamia Kakuma, akafungua hoteli ndogo karibu na kambi, akawa anawapikia wafanyabiashara kutoka Sudan Kusini chapati na chai. Dada hao wawili walikaa muda mrefu bila kusemezana.

Nilimtembelea rafiki yangu kazini mara moja tu. Nilimkuta amepiga magoti kwenye ukingo wa laga, mto mkavu wa mchanga, akiufunika mfupa kwa plasta kwa uangalifu wa mtu anayemfunga mgonjwa kidonda. Juu ya milima ya magharibi wingu lilikuwa limetanda, jeusi tititi. Dereva wa kikundi chao alilitazama, akamtazama yeye, akalitazama tena. "Madam, hiyo mvua iko mbaya. Laga itashuka. Twende."

"Plasta haijakauka."

"Madam, mimi niko na watoto."

Hakuinua kichwa. "Basi nenda na mgeni. Mimi nitapanda kilima."

Hatukuweza kumwacha. Tulisubiri, dereva akizungukazunguka gari na mimi nikitega sikio kila upepo ulipovuma. Tulipovuka, maji ya kahawia yalikuwa tayari yakilamba magurudumu, na tulipofika ng'ambo tukasikia mkondo wenyewe ukiwasili nyuma yetu, ukibingirisha mawe na kung'oa miti. Dereva aliupiga usukani ngumi. Rafiki yangu alikuwa amepakata lile bonge la plasta. Ndani yake, alinieleza, mlikuwa na taya la kiboko. Kiboko, katika nchi ile kavu! "Ziwa lilifika hapa," akasema. "Likaondoka, likarudi, likaondoka tena. Nataka kujua walioishi hapa walifanya nini maji yalipowakimbia. Mama aliuliza, na sisi je? Hili ndilo jibu langu, ila sijui nimwambieje." Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na uso wenye furaha kama ile. Nilimwonea wivu, na papo hapo nilitamani kumzaba kofi kwa ajili ya dereva.

Msimu huu homa ilimshika hukohuko. Aliipuuza, akasema ni uchovu wa jua. Wenzake walipoamua kumtoa, mvua ilikuwa imeharibu barabara ya Lokitaung, wakahangaika nayo, na alipofikishwa Lodwar hakumtambua hata mama yake. Madaktari walifanya kila walichoweza.

Mazishini, kiongozi wa watafiti alisimama akasema marehemu alikuwa bora kuliko wao wote. Kaka akaruka. "Bora? Na mlimweka porini bila bima! Ile kazi ya Kakuma ilikuwa na ndege ya wagonjwa. Ingemchukua hata huko porini!" Vijana wawili walimshika mikono. Mchungaji alijaribu kuanzisha wimbo, hakuna aliyeuitikia. Hapo ndipo mdogo wa marehemu aliposogea mbele, na watu wakampisha, maana kila mtu alijua yeye ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kulalamika.

"Msimfanye malaika, na msimfanye mjinga," akasema. "Alikuja kwangu hotelini kuniomba msamaha. Hakuomba kwa sababu ya kuacha kazi. Alisema hata leo angeiacha. Aliomba kwa sababu aliamua kwanza, ndio akaja kutuambia. Nikamwambia, dada, ungeniuliza ningekuambia nenda, lakini unigoje nimalize chuo. Akalia. Mimi pia nikalia. Kaka, hayo tulishayamaliza sisi wawili. Wacha tumzike."

Kaka aliketi chini, palepale kwenye mchanga, akajifunika uso kwa mikono.

Vijana huniuliza mara kwa mara wachague nini, kazi inayolipa au kazi inayoipa akili uhai. Nilikuwa na jibu tamu la kuwapa, na sasa sina. Niliiona furaha yake pale kwenye laga na siwezi kuiita kosa. Nilimsikia pia kaka yake, na siwezi kumwita mchoyo mtu aliyeacha shule ili mwingine asome. Ninachoweza kusema ni hiki: mshahara wako ukiwa umebeba watu, hao watu ni sehemu ya uamuzi. Kaa nao ungali huru kubadili nia. Waambie unakotaka kwenda, uwaulize wanahitaji muda gani. Huenda wakakukatalia, na bado ukaenda. Lakini huenda wakakuomba jambo dogo tu. Yule binti angeomba angojwe kidogo. Leo angekuwa muuguzi, na huenda yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuiogopa ile homa.